Mbeleko Iliyobeba Giaboksi

Katika giza, kijiko kililia ndani ya kopo. Ti. Ti-ti. Ti.

Mama Chiriku alifumbua macho akidhani yuko jikoni kwake na panya amerudi. Alinyoosha mkono kutafuta kibiriti, akagusa kioo baridi cha dirisha la pikapu. Hapo akakumbuka. Jikoni kwake hakukuwepo tena. Masufuria, kitanda, meza na kabati vilikuwa nyuma, vimefunikwa turubai na kukazwa kamba, na kopo la vijiko alilibana kati ya miguu yake kwa sababu lilikosa nafasi kwingine. Mtoto wao alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa mama na miguu kwa baba. Alikuwa msichana wa miaka minne, na walimwita Chiriku kwa sababu akiwa macho mdomo wake haujui kupumzika.

Sauti ya vijiko ilikuwa imebadilika. Tangu walipoiacha barabara kuu vilikuwa vikigongana kwa mpango, kama watu wanaotwanga kwa zamu kinu kimoja. Sasa kimoja kilitangulia, vingine vikababaika nyuma yake, halafu vyote vikatetemeka kwa pamoja kama vimeshikwa na homa.

Alimwambia mumewe kwamba vijiko havitulii. Mumewe alicheka kidogo bila kuondoa macho njiani. Alikuwa fundi wa magari, na fundi hafundishwi gari na vijiko. Alisema ni njia tu, imejaa makorongo. Wala hakukosea sana, maana ile ilikuwa njia ya zamani ya machimbo ambayo hakuna aliyeipita tangu machimbo yafungwe. Waliifuata kwa sababu daraja la barabara kuu lilikuwa limebebwa na mafuriko, na dereva mmoja wa lori akawaapia kwamba uwanda huu wa changarawe unavukwa kwa siku moja, na ng'ambo yake kuna lami.

Fundi alikanyaga klachi, akavuta mkono wa gia. Chini ya miguu yao kitu kikalia kama jino linalong'olewa. Kisha ukafuata mshindo. Pikapu iliruka, ikajikokota, ikasimama ikiwa imeinamia upande. Injini ilikuwa bado inanguruma lakini magurudumu hayakuwa na habari nayo.

Chiriku aliamka, akauliza kama wamefika. Baba yake alizima injini.

*

Kulipopambazuka waliona walipo. Kila upande ardhi ilikuwa tambarare, ya kijivu, yenye vichaka vya miiba vilivyosimama mbalimbali kama wageni wasiosalimiana. Simu haikushika mtandao hata fundi alipopanda juu ya paa la pikapu. Maji yalikuwa dumu moja, nalo halikuwa limejaa.

Yule fundi alikuwa na jambo moja la kumfariji na moja la kumtia aibu, na yote mawili yalikuwa jambo lilelile. Kilichovunjika kilikuwa giaboksi, lile sanduku la gia, na nyuma ya pikapu, chini kabisa, kulikuwa na nyingine. Aliitoa kwenye gari bovu la aina ileile, akaiosha, akaikagua meno kwa meno, akaifunga kwenye gunia. Alikuwa ameahidi kuifunga kabla ya safari. Halafu yakaja magari ya wateja, moja baada ya jingine, na lake likangoja. Mkewe alipomkumbusha kwamba mganga hajigangi, alimjibu kwamba wakifika kwenye karakana yao mpya, gari hili ndilo litakuwa mteja wa kwanza.

Sasa alikwaruza kidevu na kusema polepole, "Basi karakana ndiyo hii."

Kwa kuwa giaboksi ilitangulia kupakiwa, ilibidi nyumba nzima ishushwe. Walishusha magodoro, wakashusha kitanda, kabati, meza, viti, kinu na mchi wake. Chiriku alifurahi kupita kiasi. Aliviambia viti vikae wapi. Alimwomba mama atandike kitanda, na mama, ambaye alihitaji kufanya kitu chochote chenye akili, akakitandika kweli, akafunga turubai kutoka ubavuni mwa pikapu hadi kwenye kabati ili kupata kivuli. Wakawa na nyumba isiyo na ukuta, katikati ya dunia isiyo na watu.

Alimsihi mumewe apumzike kwanza, maana alikuwa ameendesha usiku kucha. Mumewe alisema jua likipanda hakuna atakayeweza kulala chini ya chuma, ni bora kuimaliza mapema. Akaingia chini ya gari. Alifungulia oili ya giaboksi mbovu ikamiminika kwenye sufuria, nayo ilimetameta chembe za chuma kama magamba ya samaki. Akafungua propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Akafungua silinda ndogo ya klachi, akaiacha ikining'inia kwenye mpira wake wa maji ya breki. Akang'oa mkono wa gia, pakabaki tundu kwenye sakafu ya chumba cha dereva. Akaweka jeki chini ya giaboksi, akaanza kulegeza bolti.

Jeki aliiweka juu ya changarawe tupu. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemtimua hadi kesho yake. Jeki huwekewa ubao, hilo analijua hata anayeshika spana kwa mara ya kwanza. Lakini macho yake yalikuwa mazito, mbao zote zilikuwa zimegeuka kuwa vyombo vya nyumba ya Chiriku, na yeye alijiambia ni dakika moja tu.

Bolti ya mwisho ilipotoka, jeki ilizama upande mmoja. Giaboksi ikaanguka.

Hakupiga kelele. Mkewe aliyekuwa akimkatia mtoto mkate alisikia pumzi tu, pumzi ndefu ya kuvutwa ndani ambayo haikurudi. Alipoinama aliona uso wa mumewe umegeuka rangi ya zile changarawe, na mkono wake wa kulia umeishia chini ya chuma.

Alichukua mtaimbo. Aliupenyeza, akaulalia kwa kifua, akainua. Fundi akavuta mkono. Vidole viwili vya katikati vilikuwa vimepondeka, na ngozi ya kiganja imefunguka.

Chiriku alisimama na mkate wake mkononi. Mama alimwambia aingie kwenye gari, akae, asitoke, na asiangalie. Kwa mara ya kwanza maishani mtoto alitii bila swali.

*

Mama Chiriku aliosha kidonda kwa maji kidogo aliyoyachemsha na chumvi. Alichana foronya safi ya pamba, akafunga. Mwiko wa ugali ukawa gango la kunyoosha vidole. Wakati wote huo fundi aliutazama ule mkono kama mtu anayemtazama ndugu yake kitandani.

Baadaye alisema angetembea. Angefuata alama za njia hadi kwenye lami, asimamishe gari lolote, arudi. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Aliangalia uwanda ule ambao ulikwishaanza kutetemeka kwa joto, akamwangalia mumewe ambaye hata kukaa wima kulimtoa jasho.

"Tukiachana hapa, hatutaonana tena," alisema. "Utakaa kwenye kivuli, utaniambia cha kufanya. Mimi nina mikono miwili."

"Ile kitu ina uzito wa mwanamume, mama Chiriku."

"Nimeshabeba mwanamume. Wewe ulipougua malaria nani alikupeleka chooni?"

Fundi akacheka, kicheko kikamuumiza mkono, akaacha.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuiinua. Jeki ile ilikuwa imepinda shingo. Fundi akaeleza njia ambayo mwalimu wake wa zamani aliwahi kuitumia shambani. Kwenye sakafu ya gari, pale ulipotoka mkono wa gia, kuna tundu. Ukipitisha kamba kwenye tundu, ukaizungushia giaboksi kwa chini, kisha huko juu ukaisokota kwa mti, kamba hufupika na mzigo hupanda. Mti ulikuwepo, mchi wa kinu. Ila kamba zao zilikuwa za plastiki, nyembamba, zilizoliwa na jua. Mbili zilikatika katika kujaribu tu.

Mama Chiriku alikwenda kwenye kabati lililosimama uwandani, akafungua mlango wake kama anayefungua nyumbani, akatoa kutoka kwenye kona ya chini kitambaa kirefu kizito kilichofuliwa mpaka kikawa laini. Ilikuwa mbeleko ya Chiriku. Ilimbeba mgongoni tangu hajui kukaza shingo. Ilikwenda naye sokoni na kliniki, na jioni ilikwenda naye kwenye darasa la watu wazima, mama akinakili ya ubaoni na mtoto akikoroma. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya mtoto mwingine, iwapo Mungu angejalia.

Fundi aliitazama, akamtazama mkewe. Alisema itaingia oili, haitatoka.

"Itoke isitoke," alisema mkewe. "Ilifumwa ya kubebea."

*

Siku ile hawakuifunga. Joto la mchana liliwalaza chini ya turubai, na kazi ya kuiondoa giaboksi mbovu na kuiburuta mpya kutoka nyuma hadi chini ya gari iliwamaliza. Mama Chiriku aliisogeza juu ya sinia kubwa, akilivuta kama mtoto anayevuta kigari, shibiri kwa shibiri, magoti yakichanwa na changarawe.

Maji waliyapima kwa kifuniko cha chupa. Kwanza Chiriku, kisha baba, kisha mama. Jioni mama Chiriku aligundua kwamba Chiriku ndiye peke yake ambaye midomo yake haikupasuka. Akaanza kuangalia. Zamu ilipofika aliona fundi akipeleka kifuniko mdomoni, akikigusisha, kisha akijifanya anambusu mtoto na kumnywesha.

Hakumgombeza. Alijaza kifuniko kingine, akapiga magoti mbele yake, akamshikia kidevu.

"Kunywa nikiona."

"Mtoto..."

"Mtoto ana baba. Nataka aendelee kuwa naye. Kunywa."

Akanywa. Machozi yalimtoka, akasingizia mkono.

Usiku ulipita kwa namna yake, baridi ikiingia mahali palipokuwa na joto, wote watatu wakibanana kwenye kitanda kilichotandikwa chini ya nyota, fundi akiweweseka majina ya spana.

*

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na mstari mwekundu umeanza kupanda.  Mama Chiriku aliangalia dumu, akalitikisa, akaliweka chini. Kilichobaki kilitosha siku hiyo kama wangekaa kivulini bila kufanya kazi. Alifunga nguo kichwani, akaingia chini ya gari.

Kazi ilikwenda hivi. Yeye alilala chali, giaboksi ubavuni, mbeleko imepita chini yake na ncha zake zimepanda kupitia tundu. Juu, fundi alikaa kwenye sakafu ya gari, amefunga zile ncha kwenye mchi, anausokota kwa mkono wa kushoto na kuuzuia kwa goti. Kila alipouzungusha, chuma kilipanda unene wa kidole. Kupitia lile tundu mama Chiriku aliweza kuona nusu ya uso wa mumewe, jicho moja na ndevu, naye mumewe akauona wake, umejaa vumbi na grisi.

"Nani huyo chini?" aliuliza fundi.

"Mwanafunzi mpya."

"Mwanafunzi mpya asikae moja kwa moja chini ya mzigo."

"Fundi aliyepita alikaa wapi?"

Jicho lile likapepesa. "Fundi aliyepita hana akili. Usimuige."

Giaboksi ilipanda. Mbele yake kulikuwa na shafti fupi yenye mifereji, mfano wa muwa uliochongwa, na hiyo ilipaswa kuingia kwenye tundu la sahani ya klachi, mfereji kwa mfereji, bila kuonana. Ilifika, ikagonga, ikakataa. Aliisukuma kwa mabega. Ikakataa. Aliisukuma kwa hasira, na hapo akasikia sauti ambayo kila mama aliyewahi kubeba mtoto anaijua, ya uzi unaoachia.

Mbeleko ilikuwa inachanika kwenye pindo.

Hakukuwa na muda wa kusema. Alijiburuta chini ya chuma, akakipokea kwa tumbo na mapaja. Uzito ulimkandamiza hewa yote ikamtoka. Juu alisikia mumewe akimuuliza kuna nini, akimuuliza tena, sauti ikipanda, na hakuweza kumjibu.

Alipopata pumzi alisema tu, "Nimeishika."

 Kisha fundi akaongea taratibu, kwa ile sauti yake ya kuwaongelesha wateja walioharibikiwa gari safarini. Alimwambia asiilazimishe. Gia haipigwi, inabembelezwa. Yeye mwenyewe alikwisha kuiweka kwenye gia tangu nyumbani, kwa hiyo kule nyuma kuna kikombe cha chuma, akikizungusha kidogo na ile shafti ya mbele itazunguka. Azungushe na kutikisa, azungushe na kutikisa, mpaka zile mbili zikubaliane.

Alipeleka mkono wa kulia nyuma, akakipata kikombe. Akaanza kuzungusha. Tumbo lake lilipanda na kushuka chini ya chuma, na kwa kuwa hakujua mwendo mwingine wa kutikisa kitu kilichofungwa kwenye mbeleko ile, alitikisa kwa mwendo aliouzoea. Bila kujua alikuwa amekwisha kuanza kuimba kwa pua, wimbo usio na maneno ambao Chiriku alilalia miaka miwili.

Kutoka kwenye kiti cha mbele mtoto alidakia ule wimbo. Waliimba hivyo, mmoja ndani ya gari na mwingine chini yake.

Giaboksi ilisogea kidogo. Halafu ikateleza mbele yenyewe, kwa utulivu, ikasema *tok*, ikakaa.

"Imelala," alisema mama Chiriku.

Alimsikia mumewe akiegemeza kichwa kwenye mchi.

*

Bolti alizifunga kwa mpangilio aliotajiwa, za kukabiliana kwanza. Alirudisha propela, akaivuta mbeleko na kuupachika tena mkono wa gia. Ile oili ya kwenye sufuria aliichuja kwa chujio la chai lililotandikwa kitambaa, chembe za chuma zikabaki juu, oili ikashuka, akaijaza kupitia tundu la pembeni mpaka ikamwagikia vidoleni. Ilibaki silinda ya klachi tu. Aliivuta kwa ule mpira wake ili aifunge.

Silinda ilikuwa tupu. Pistoni yake haikuwepo, na chini kwenye changarawe kulikuwa na doa kubwa lililokauka.

Alimweleza fundi anachokiona. Fundi akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyekanyaga pedali ya klachi. Silinda ikiwa haijafungwa, pedali ikikanyagwa, pistoni hutoka kama kizibo cha chupa na maji ya breki yote humwagika. Chupa ya akiba? Ilikuwa kwenye karakana ya zamani, kwenye rafu, mahali anapoijua.

Wote wawili walimtazama Chiriku. Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha ikatoka, yote kwa pumzi moja, kwamba jana alipoambiwa akae kwenye gari alikaa kwenye kiti cha baba, akashuka akakanyaga kile cha chini kwa miguu miwili maana baba hukikanyaga kwanza, lakini gari lilikataa kwenda.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" aliuliza mama, na sauti yake ilikuwa karibu kukatika.

"Nampeleka baba hospitali."

Fundi alimvuta kwa mkono mzima, akamkumbatia, akaweka kidevu juu ya nywele zake. Alisema mwanawe amekuwa dereva kabla ya mama yake. Halafu akasema, kwa mkewe, kwamba gari linaweza kwenda bila klachi. Wazee wa kazi walikuwa wakifanya hivyo. Unaweka gia ya kwanza, unapiga stata gari likiwa ndani ya gia, linaruka linaondoka. Kubadili gia unasikiliza injini, ukiachia mafuta kwa wakati wake mkono unaingia wenyewe. Jambo moja tu, ukishaondoka usisimame. Kwenye ardhi hii laini, na betri iliyochoka namna ile, pengine stata isingeweza mara ya pili.

Na mkono wake ulikuwa hivyo ulivyo, na macho yake yalianza kuona vitu viwiliviwili. Mama Chiriku alikuwa amewahi kuendesha pikapu ile mara chache tu, uani, kutoka kwenye ukuta hadi kwenye geti.

Walipakia godoro, dumu na masanduku ya spana. Kitanda, meza na kabati waliviacha vimesimama pale pale, kitanda kimetandikwa. Chiriku alikiaga kila kiti. Mama yake alifunga mlango wa kabati vizuri, vumbi lisiingie.

*

Alipiga stata. Pikapu iliruka kama punda aliyechapwa, ikajikwaa, ikajikwaa tena, ikaenda.

Ilikwenda kwa gia ya kwanza, ikilia. Fundi, kichwa kimeegemea dirishani, alimwambia asikilize injini, lakini yeye injini hakuijua. Alichokijua ni kopo lililokuwa mapajani mwa Chiriku. Aliongeza mafuta mpaka vijiko vikalia kwa kasi, akaachia, na pale vilipopungua na kuanza kugongana kwa zamu, ule mwendo wa kutwanga, alivuta mkono wa gia. Uliingia bila kelele.

Fundi alifungua jicho moja. "Nani kakufundisha?"

"Vijiko," alisema. "Tulikuambia mapema."

Alikubali kwa kichwa. Alisema karakana mpya ina nafasi ya mafundi wawili, kama huyo wa pili hatamdharau huyo wa kwanza.

Baadaye, mchana uleule, daktari wa zahanati angekata ncha ya kidole kimoja na kuokoa vilivyobaki, na angesema kwamba mkono huo usingesubiri jua jingine. Baadaye fundi angerudi na lori la jirani na kukuta kitanda chao kikiwa kimetandikwa vilevile, na ndege kakitagia juu. Mbeleko ingefuliwa mara nyingi na doa lisingetoka, na ingembeba mtoto mwingine hivyohivyo. Lakini hayo mama Chiriku hakuyajua bado. Alichokiona ni mto mkavu uliokatiza njia mbele yao, mpana, wenye mchanga mweupe laini.

Mtu mwenye klachi angesimama, akashuka, akaupima kwa miguu. Yeye hakuwa na ruhusa hiyo. Alimwambia mumewe amshike mtoto. Alirudisha gia moja chini kwa sikio, akaongeza mafuta, akateremka.

Mchanga uliyakamata magurudumu. Usukani ulitaka kumtoka, akaushika kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani, bila kumvunja na bila kumwachia. Pikapu ikalemewa. Ikazidi kulemewa. Vijiko vikawa vinagonga kimoja, kimya, kimoja. Aliinama mbele kana kwamba angeweza kuisukuma kwa kifua, na aliisikia ile giaboksi chini yake, aliyoipokea kwa tumbo, ikinung'unika na kushika, ikishika tena, bila kuachia. Gurudumu la mbele likapata jiwe. Likapanda. Ukingo wa pili ukawainua, mbingu ikajaa kioo chote, kisha pua ya gari ikashuka na ardhi ikarudi.

 Fundi aliweka mkono wake mzima juu ya mkono wa mkewe uliokuwa kwenye gia, nao ulikuwa mweusi kwa oili mpaka kwenye kiwiko, akauacha hapo.

Waliendelea hivyo, jua likiwa upande wao wa kushoto, hewa ikitetemeka, macho ya mama Chiriku yakichoka kutofautisha njia na isiyo njia. Midomo yake ilikuwa imekauka hata kumeza kukawa kazi. Mbele aliona mstari mweusi, lakini uwanda ule ulikuwa umekwisha kumwonyesha maji mara nyingi siku mbili hizi, na hakutaka kuuamini. Hakumwambia mtu. Alishikilia usukani, akaacha mstari usogee.

Chiriku alikuwa amekaa chini kabisa, kati ya miguu ya baba yake, asikoweza kuona chochote isipokuwa kopo. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono yote miwili. Gari likapanda kituta kidogo, likayumba, likashuka upande wa pili, na magurudumu yakaanza kuvuma laini.

Mtoto aliinua kopo, akaliweka sikioni, akasikiliza.

"Mama, vijiko vimenyamaza."